Jinsi ya Kujifunza na Kuimba Nyimbo za Jadi kwa Pamoja: Mwongozo Kamili

Wimbo wa jadi haukuletwa na karatasi. Umetoka mdomoni ukaingia sikioni, kizazi baada ya kizazi, kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona noti iliyoandikwa. Ndiyo maana kikundi kinachoanza kwa kugawiana maneno yaliyochapwa hujikwaa mapema. Vichwa vinainama, macho yanafuata mistari, hakuna anayemsikiliza mwenzake, na kiitikio kinatoka kikavu. Mwongozo huu unaanza na sikio. Karatasi ina kazi yake, ila zamu yake ni ya mwisho.

Unawafaa majirani, ndugu wa ukoo mmoja, wanafunzi, wazee na wajukuu zao, yeyote anayetaka kuimba na wenzake. Si lazima muwe na mwalimu wa muziki. Mkiwa na mtu mmoja anayeujua wimbo barabara, mahali patulivu na subira ya kurudia, mnaweza kuanza.

Kukusanyika

Watu kuanzia 6 hadi 20 wanatosha. Mkiwa wachache mno kila mtu anajisikia peke yake na haya zinamshika. Mkiwa wengi mno wa nyuma hawasikii na wanaanza kupiga soga. Simameni duara, bila wa mbele wala wa nyuma. Katika duara kila mmoja anauona mdomo wa mwimbishaji, yaani mwongozaji wa wimbo, na kifua chake kinapojaa pumzi, na hiyo pumzi ndiyo ishara ya kuingia iliyo bora kuliko mkono wowote unaopunga.

Saa moja kila wiki, siku ileile, inazaa matunda kuliko siku nzima mara moja kwa miezi miwili. Wimbo uliorudiwa baada ya kulala usingizi mara kadhaa hukaa kichwani. Uliopigiwa mbio kwa saa tano mfululizo hutoka ulivyoingia.

Kuchagua wimbo wa kwanza

Hapa usiharakishe, kwa sababu wimbo wa kwanza ndio unaowafanya watu warudi wiki inayofuata. Tafuta wimbo wenye kiitikio kifupi, cha maneno matatu au manne, unaojirudia mara nyingi, na ambao mahadhi yake hayapandi wala kushuka sana. Nyimbo nyingi za jadi zinakaa ndani ya noti nane, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, na nyingine hazifiki hata hapo. Mtu asiyewahi kuimba hadharani ataumudu wimbo wa namna hiyo.

Aina ya wimbo nayo ina uzito wake. Hodiya, yaani nyimbo za kazi, zinafaa sana kuanzia. Zilitungwa zikae sambamba na jembe, kasia au mchi, kwa hiyo mapigo yake yako wazi na mwili unayafahamu hata kabla sikio halijayashika. Kimai za mabaharia na wawe za wakulima ni za ukoo huohuo. Bembelezi ni nyororo na fupi, lakini zinataka pumzi ndefu na sauti ya chini inayotulia, nazo ni kazi ngumu kwa kikundi kichanga. Nyimbo za masimulizi zenye beti kumi au kumi na tano ziacheni kwanza.

Halafu kuna nyimbo zisizoimbwa ovyo. Mbolezi ni za msiba. Nyiso ni za jando. Nyingine ni za ibada, au za wanawake peke yao, au za waliopitia mafunzo fulani. Kabla ya kuuchukua wimbo wowote, muulize mwenye nao: huu huimbwa lini, na nani, na je, sisi tunaruhusiwa? Akisema hapana, au akisita, uacheni. Nyimbo zilizo huru ni nyingi, na heshima mtakayoionyesha hapo ndiyo itakayomfanya awafundishe nyingine.

Kuupokea wimbo kwa anayeujua

Anayeujua wimbo anaweza kuwa bibi wa mmoja wenu au jirani aliyeusikia utotoni. Nendeni watu wawili au watatu, si kundi zima. Ombeni ruhusa ya kurekodi kwa simu, na mwelezeni rekodi hiyo ni ya kazi gani na nani ataisikia.

Mwacheni aimbe wimbo wote mara tatu bila kumkatiza. Mara ya kwanza anakumbuka. Mara ya pili anautoa vizuri. Mara ya tatu, kwa kawaida, anabadilisha kitu: anavuta silabi pengine, anaongeza neno, anapamba mwisho wa mstari. Msimsahihishe kwamba mwanzo hakusema hivyo. Mabadiliko hayo yanawaonyesha ni sehemu gani za wimbo zimesimama imara na zipi zimeachwa wazi kwa mwimbaji. Baada ya hapo ndipo muulize maneno, mstari kwa mstari, huku anayatamka bila kuyaimba. Ulizeni maana ya maneno ya kale, na kama anayajua maneno mengine yanayoimbwa mahali pengine kwa mahadhi hayohayo.

Kazi hii ina historia ndefu. Mtunzi wa muziki Zoltán Kodály alianza kuzunguka vijiji vya Hungaria akikusanya nyimbo mwaka 1905, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake Béla Bartók wakachapisha mkusanyo wao wa kwanza wa nyimbo 20. Walibeba fonografu iliyorekodi kwenye mitungi ya nta, na mtungi mmoja ulimeza dakika chache tu. Leo simu ya mkononi inarekodi saa nzima, kwa hiyo hamna sababu ya kumharakisha mzee wa watu. Acheni irekodi pia mazungumzo yanayofuata wimbo, maana mara nyingi humo ndimo linamopatikana jibu la kwa nini ubeti wa tatu unataja mto au ndege fulani.

Kupasha sauti joto

Dakika tano hadi kumi zinatosha. Tikiseni mabega, nyoosheni shingo, pigeni miayo ya kujitakia ili koo lifunguke. Vuteni pumzi hadi mbavu za chini zitanuke, bila kuinua mabega, kisha itoeni polepole kwa sauti ya “sss” hadi iishe. Vumeni mkiwa mmefumba midomo, mkipanda na kushuka taratibu. Koo likiuma, simamisheni, kwa kuwa kuimba hakupaswi kuuma. Kunyweni maji kidogokidogo katika mazoezi yote.

Kufundishana, kuanzia kiitikio

Huu ndio moyo wa mwongozo wote. Mwimbishaji aanze kwa kuuimba wimbo mzima, sehemu ya mwongozaji na ya waitikiaji, wengine wakiwa kimya. Auimbe tena, wengine wakitembea mahali pamoja: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Asiseme lolote kuhusu mapigo. Miguu itayapata yenyewe, na ukiona miguu ya duara zima inakanyaga pamoja, ujue nusu ya kazi imekwisha.

Sasa kiitikio, na kiitikio peke yake. Mwimbishaji anakitoa, kundi linakirudisha, mara nyingi kadiri inavyohitajika, mpaka wakirudishe bila kufikiri. Ndipo aingize sehemu yake na kuwaacha wamjibu. Hapo, ndani ya dakika chache tangu mfike, watu watakuwa wanaimba wimbo kamili, ingawa hawajui bado hata ubeti mmoja. Furaha hiyo ina faida kubwa kwa mgeni. Ukianza na beti ndefu, furaha inacheleweshwa na wengine hawaisubiri.

Tuchukue mstari wa kubuni tuone unavyofanya kazi. Mwongozaji anaimba “Nani kafungua mlango?” na kundi linajibu “Ee, ni sisi!” Pigeni makofi manane yanayolingana. Kofi la 1 linaangukia “Na-”, la 2 linaangukia “-ngu-”, la 3 linaangukia “mla-”. Mwongozaji anaivuta “-ngo” ipite hadi kofi la 4, na hapohapo, juu ya kofi la 4, kundi linaingia na “Ee”. Yaani hawasubiri amalize. Sauti yake na zao zinapandana kwa muda mfupi, kisha “si-” inatua kwenye kofi la 5 na “-si” inavutwa kwenye la 6. La 7 na la 8 ni nafasi ya mwongozaji kuvuta pumzi, au kutia kigelegele akipenda.

Kosa linalojitokeza karibu katika kila kikundi kichanga ni hapo kwenye kofi la 4. Watu wana adabu: wanangoja mwongozaji anyamaze ndipo waitikie. Wimbo unapata shimo, mapigo yanalegea, na baada ya mizunguko mitano mwendo umekuwa wa kujikokota. Dawa yake si kuwaambia waharakishe. Waambie wavute pumzi kwenye kofi la 3. Aliyevuta pumzi hapo hana budi kuitoa kwenye la 4. Mkiwa bado mnachelewa, gawaneni nusu kwa nusu: nusu waimbe sehemu ya mwongozaji, nusu waitikie, kisha mbadilishane. Aliyewahi kuivuta hiyo “-ngo” mwenyewe anajua kiitikio kinatakiwa kumkuta wapi.

Kiitikio kikishakaa, geukieni beti. Semeni kwanza maneno bila mahadhi, lakini kwa mapigo yake, mkipiga makofi. Kisha mwimbishaji aimbe mstari mmoja, mrudishe. Mstari wa pili, mrudishe. Wa kwanza na wa pili pamoja. Hivyo hivyo hadi ubeti uishe. Mstari ukiwa mrefu, anzieni mkiani: fundisheni nusu ya mwisho kwanza, halafu mtangulize ya mwanzo, ili kila mnaposonga mbele mnaelekea mahali mnapopajua.

Kwa kukumbuka beti, elezaneni kisa chake kwa maneno ya kawaida. Nani anazungumza? Na nani? Ubeti wa kwanza wako wapi, wa pili wameshafika wapi? Kama lugha ya wimbo si ya wote waliopo, msiimbe sauti tupu. Kila mtu ajue neno lipi lina maana gani na lipi ni la kupendezesha mapigo tu.

Sauti ya kuanzia

Nyimbo nyingi huharibika kabla hazijaanza, kwa kuanzishwa juu mno au chini mno. Mwimbishaji asianze na noti ya kwanza inayomjia. Atafute kimyakimya sehemu ya juu kabisa ya wimbo, aivume, ahakikishe inafikika bila kukaza shingo, kisha ashuke hadi pa kuanzia. Wanaume na wanawake wakiimba pamoja, mara nyingi wanaume watakuwa noti nane chini ya wanawake bila hata kuambiwa. Muhimu ni kwamba pande zote mbili zisibanwe. Mkiipata sauti inayowakaa vizuri, ipimeni kwa programu ya kupimia noti kwenye simu na muiandike jina lake, ili wiki ijayo msianze kutafuta upya.

Sauti ya kundi kushuka taratibu kadiri wimbo unavyoendelea ni jambo la kawaida. Sababu kubwa ni uchovu wa pumzi na mwendo wa polepole mno. Ongezeni mwendo kidogo, simameni wima, na mkumbuke kutabasamu kwenye noti za juu.

Msiuburute wimbo wa jadi ukalingane na kinanda. Mizani ya sauti, yaani mpangilio wa noti, ya jamii nyingi haikupangwa kwa vipimo vya kinanda. Hugh Tracey, aliyeanzisha hifadhi ya International Library of African Music huko Afrika Kusini mwaka 1954, alizunguka akipima ala za kiasili kwa vyuma vidogo vinavyotoa noti moja moja, akakuta mipangilio ambayo kibodi haina. Mzee akiimba noti iliyo katikati ya noti mbili mnazozijua, na akaiimba hapohapo kila mara, hiyo ndiyo noti. Ifuateni.

Wanaosema hawawezi kuimba

Watakuwepo. Watu ambao kweli ubongo wao hautofautishi noti ni wachache sana. Wengi wa wanaojiita hivyo waliambiwa wanyamaze utotoni, wakanyamaza. Msimsimamishe mtu kama huyo peke yake kumpima. Mwekeni kati ya waimbaji wawili imara, mmoja kila upande wa sikio, na mpeni kazi ya kiitikio.

Kama bado anakosa, mtu mmoja akae naye pembeni baada ya mazoezi na kuigeuza kazi: yeye aanze kuvuma noti yoyote anayoitaka, na mwenzake ndiye amfuate hadi sauti mbili ziungane. Akishahisi jinsi sauti mbili zilizolingana zinavyotulia bila mtikisiko kati yake, sasa mwenzake asogee noti moja juu, polepole, naye afuate. Kwa wengi, mwanya unafunguka hapo. Nawasihi viongozi wa vikundi muichukulie kazi hii kwa uzito, maana jamii inayoimba na kuwaacha baadhi ya watu wake kimya bado haijaimba pamoja.

Sauti ya pili na ya tatu

Msikimbilie kugawana sauti nne. Nyimbo nyingi za jadi zinapendeza zikiimbwa sauti moja yenye nguvu, na nyingine zina utamu wake wa asili ambao mpangilio wa kwaya unaufunika. Kule Georgia, nchi ya Kaukazi, na kwa Waaka wa misitu ya Afrika ya Kati, watu huimba kwa sauti kadhaa zinazosukana bila kusoma popote. Wamekulia ndani yake. Nanyi pateni sauti zenu kwa njia hiyo ya kusikilizana.

Anzeni na watu watatu wanaoshikilia noti moja ya chini, ile wimbo unapopenda kutua, huku wengine wakiimba mahadhi. Hilo likizoeleka, jaribuni kuimba kwa kupishana: kundi la pili lianze mwanzo wakati la kwanza limefika mstari wa pili. Si kila wimbo unakubali. Masikio yenu yatawaambia. Baada ya hapo, mwacheni yeyote anayesikia njia nyingine ya kiitikio aiimbe. Ikiwafurahisha wote, wengine wawili wamfuate. Waliojifunza solfa, ule mfumo wa do-re-mi uliosambazwa na Mwingereza John Curwen tangu miaka ya 1840 akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, wanaweza kuitumia kuandika sauti hizo zisipotee, lakini baada ya kuimbwa.

Makofi, miguu na ngoma

Makofi na miguu viwepo tangu siku ya kwanza. Ngoma ije baadaye, kundi likiwa linaweza kushika mwendo lenyewe. Ikija mapema, waimbaji wanaiegemea na sauti zao zinafunikwa. Mpiga ngoma naye aujue wimbo kwa maneno, la sivyo atajaza pengo ambalo liliachwa kwa ajili ya pumzi.

Kupokezana uimbishaji

Mtu mmoja akiimbisha kila wiki, siku akikosekana hakuna mazoezi. Kuanzia wimbo wa pili au wa tatu, mpeni mwingine ubeti mmoja tu wa kuimbisha, kisha wimbo mzima. Anayejifunza kuimbisha ajizoeze mambo matatu: kuanzisha kwenye sauti sahihi, kutamka mwanzo wa mstari wazi ili kundi lijue ubeti upi umeingia, na kufunga wimbo kwa ishara inayoeleweka. Wimbo usiojua namna ya kuisha unavunja moyo. Akishamudu hayo, apewe uhuru wa kubuni maneno papo hapo pale wimbo unaporuhusu, kama kutaja jina la aliyefika leo.

Kuandika na kuhifadhi

Sasa karatasi. Andikeni maneno yote, maana ya yale magumu, sauti ya kuanzia, nani aliwafundisha, lini, na wimbo huimbwa wakati gani. Kama mmepata maneno ya namna mbili, andikeni yote mawili bila kuchagua moja kuwa ndilo sahihi. Rekodi iwekwe mahali pawili au zaidi, na faili ipewe jina linaloeleweka: wimbo, mwimbaji, tarehe.

Kabla ya kuweka chochote mtandaoni, rudini kwa aliyewafundisha. Wimbo wenyewe kwa kawaida hauna mtunzi mmoja anayedai haki, lakini rekodi ya sauti ya mtu na mpangilio mpya wa wimbo vinaweza kuwa na mwenyewe kisheria. Na jamii yenye wimbo ina neno lake hata pale sheria inaponyamaza. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika unatambua kwamba jamii zenyewe ndizo zinazosema kipi ni urithi wao. Mtajeni aliyewafundisha, kama ameridhia kutajwa.

Kuimba na wengine, na mbele ya watu

Mkialikana na kikundi kingine, kubalianeni mapema mambo matatu: maneno, sauti ya kuanzia na mwendo. Estonia imefanya sherehe za nyimbo tangu mwaka 1869, zilipoanzia mjini Tartu, na siku hizi maelfu ya waimbaji husimama pamoja jukwaani. Inawezekana kwa sababu kila kwaya inajifunza nyimbo zilezile kwao kabla ya kukutana.

Mbele ya watu, nyimbo tatu mnazozijua barabara zinatosha. Msishike karatasi. Semeni kwa ufupi wimbo umetoka wapi na huimbwa lini, halafu wafundisheni wasikilizaji kiitikio, kama mlivyofundishwa: mara moja wasikie, mara mbili warudishe, kisha mwanze. Wakichelewa kuingia, msisimamishe wimbo. Mmoja wenu awageukie, avute pumzi waziwazi kwenye kofi la 3, nao wataingia.